Glukomita ya duka la dawa, glukomita ya wanyama au kihisi cha kubandika: tathmini ya vipimo vya sukari kwa paka wa nyumbani

Kati ya vifaa vitatu vya kupimia sukari ambavyo tumevitumia nyumbani kwa paka wetu mwenye kisukari, ninachokipendekeza kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au mji mwingine wa kwetu ni kile kilicho nyuma ya vyote kwa usahihi, yaani glukomita ya kawaida ya binadamu, ya aina inayouzwa katika duka la dawa la mtaani pamoja na boksi la stripu 50, vile vipande vidogo vinavyopokea tone la damu. Najua kauli hiyo itawashangaza waliosoma maelezo ya madaktari wa mifugo wa Ulaya na Marekani, ambao mara nyingi humwelekeza mfugaji kwenye kifaa kilichotengenezwa mahususi kwa wanyama. Kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kwa nini nimefikia uamuzi huo, na pia ni katika mambo gani vifaa vile vingine viwili vinaizidi glukomita hii kwa mbali.

Paka mwenyewe, Kibonge, ni dume aliyehasiwa, amevuka miaka kumi, na jina lake linaeleza umbo alilokuwa nalo kabla ya ugonjwa. Udume, umri mkubwa na unene ni mambo yanayotajwa na madaktari kuwa huongeza uwezekano wa paka kupata kisukari, na lingine ni matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi, ambazo paka wengi hupewa kwa ajili ya mzio wa ngozi. Kwa kawaida kisukari cha paka hufanana na aina ya pili ya kisukari cha binadamu, kwa maana kwamba kongosho bado linatoa insulini kiasi, lakini mwili hauiitikii ipasavyo. Dalili zake hazijifichi kwa mtu anayesafisha sanduku la mchanga kila siku: paka anakunywa maji kuliko desturi yake, mchanga unalowa kupita kiasi, anakula kwa pupa na bado anakonda, na ugonjwa ukikawia kutibiwa, mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma hudhoofu hata akawa anatembea kwa kukanyagia visigino badala ya vidole.

Kabla ya kulinganisha vifaa ni lazima nieleze kwa nini kupima nyumbani kuna thamani hata pale ambapo kliniki iko karibu na daktari ni hodari. Paka akitiwa kwenye kikapu, akapakiwa kwenye bajaji, akapitishwa katikati ya honi za Mwenge, kisha akawekwa juu ya meza ya chuma huku mbwa wakibweka chumba cha pili, mwili wake humwaga homoni za hofu zinazopandisha sukari hata kwa paka asiye na kisukari kabisa. Kupanda huko si kudogo, kwani sukari inaweza kuvuka milimoli 16 kwa lita, kiwango ambacho kinaweza kumshawishi daktari kuongeza dozi ya insulini kwa mnyama ambaye, akiwa amelala kwenye kochi lake, hahitaji nyongeza yoyote. Kipo kipimo cha maabara kinachoitwa fruktosamini, ambacho hakiyumbishwi na hofu ya siku moja kwa sababu huonyesha wastani wa sukari wa wiki chache zilizopita, lakini wastani hausemi kama usiku wa manane sukari ilishuka hadi kiwango cha hatari na kupanda tena kabla ya alfajiri.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi, ni kwamba paka, tofauti na mbwa, anaweza kufikia hali ya kutohitaji tena sindano, hasa tiba ikianza mapema na chakula kikibadilishwa. Hali hiyo haiji kwa tangazo. Mahitaji ya insulini hupungua polepole, na mwenye paka asiyepima ataendelea kumdunga kipimo kilekile ambacho wiki tatu zilizopita kilikuwa dawa na leo ni sumu.

Sasa nianze na glukomita ya binadamu. Sitaitaja chapa yake, kwa kuwa zilizopo sokoni zinakaribiana mno kwa yale yanayomhusu paka: zinahitaji tone dogo la damu, nyingi kati ya zile mpya chini ya maikrolita moja, zinatoa jibu ndani ya sekunde chache, na zinazouzwa kwetu kwa kawaida husoma kwa milimoli kwa lita. Atakayekutana na maelezo ya Kimarekani yanayotumia miligramu kwa desilita agawanye kwa 18. Kwa mnunuzi, la kwanza la kuangalia ni kiasi cha damu kinachohitajika, kwa sababu sikio la paka halitoi damu kwa ukarimu wa kidole cha mtu, na la pili ni kama stripu inavuta damu yenyewe kutoka kwenye ukingo wake au inataka udondoshee tone kwa juu. Inayovuta yenyewe ni bora mara dufu, kwa kuwa paka hawezi kuambiwa ageuze sikio.

Damu huchukuliwa pembezoni mwa sikio, ambako mshipa mwembamba hupita sambamba na ukingo, na shabaha ni ile nafasi ndogo iliyo kati ya mshipa na ukingo, wala si mshipa wenyewe. Sikio lipashwe joto kwanza. Soksi safi iliyotiwa mchele na kupashwa moto kidogo hufanya kazi hiyo vizuri, ikishikiliwa hapo mpaka ngozi ianze kuwa nyekundu. Kisha pakwe mafuta mepesi ya vaselini juu ya mahali pa kutoboa, ili damu isimame kama tone badala ya kusambaa ndani ya manyoya, na nyuma ya sikio iwekwe pamba iliyokunjwa ili kulinda kidole chako. Vile vitobozi vya chemchemi vinavyouzwa pamoja na glukomita tumeviacha, kwa sababu mlio wake humshtua paka kuliko mchomo wenyewe, na kisindano kinachoshikwa kwa mkono hutosha. Jambo ambalo muuza duka hatakuambia ni kwamba visindano vyembamba sana, vilivyotengenezwa ili binadamu asihisi maumivu, mara nyingi havitoi damu ya kutosha kwa paka mgeni wa shughuli hii, hivyo ni afadhali kuanza na vya namba 26 au 28, vilivyo vinene kidogo, na kuhamia kwenye vyembamba baada ya sikio kuzoea. Vishipa vidogo huongezeka mahali panapotobolewa mara kwa mara, na damu huja kwa urahisi zaidi kadiri wiki zinavyopita. Baada ya kupima, sikio lishikiliwe kwa pamba mpaka damu ikauke, na kipande cha kuku wa kuchemsha kitolewe papo hapo, kipimo kiwe kimefanikiwa au hakikufanikiwa.

Udhaifu mkubwa wa glukomita hii ni kwamba hesabu iliyomo ndani yake ni ya damu ya binadamu. Katika damu yetu, takribani asilimia 58 ya glukosi imo katika majimaji ya damu na asilimia 42 imo ndani ya chembe nyekundu, ilhali kwa paka mgawanyo huo ni asilimia 93 kwa 7. Kifaa kinapokea damu nzima na kukisia kilichomo katika majimaji kwa kufuata mgawanyo wa kibinadamu, na matokeo yake ni kwamba kwa paka mara nyingi kinasoma chini ya hali halisi. Tofauti hiyo haina kiasi kimoja kisichobadilika ambacho mtu angekijumlisha na kumaliza, kwa kuwa huelekea kuwa kubwa pale sukari inapokuwa juu, na hutegemea pia wingi wa chembe nyekundu za paka mwenyewe, kiasi kwamba paka mwenye upungufu wa damu atapewa namba ya juu kuliko ambayo angepewa akiwa mzima.

Hata hivyo, kosa la kusoma chini lina sifa moja nzuri, nayo ni kwamba linaelekea upande wa usalama. Glukomita ikisema 3.8, huenda sukari ya kweli ni karibu na 5, na mtu atakayemlisha paka kwa hofu ya namba hiyo hatakuwa amemdhuru. Kosa la kuogopwa ni lile la kinyume, yaani kifaa kinachosema 6 wakati paka yuko kwenye 3. Zaidi ya hapo, maamuzi ya dozi hayatokani na namba moja bali na mwenendo: kupima kabla ya sindano ya asubuhi, kupima tena kati ya saa nne na nane baadaye ambapo sukari kwa kawaida hufika chini kabisa, kupima kabla ya sindano ya jioni, na mara mojamoja kuchora mkondo wa siku nzima kwa kupima kila baada ya saa mbili kwa muda wa saa kumi na mbili. Kifaa kinachokosea kwa namna ileile kila mara kinauonyesha mkondo huo vya kutosha. Nilimwomba daktari wetu wa mifugo achukue damu moja, aipime kwa mashine ya maabara nami niipime kwa glukomita yetu wakati uleule, na ulinganisho huo ndio aliouegemea katika kuweka mipaka ambayo tukiifikia tunapaswa kumpigia simu kabla ya kudunga. Ninamshauri kila mwenye paka afanye hivyo mwanzoni, na arudie akibadilisha chapa ya glukomita.

Faida ambayo haimo katika maelezo yoyote ya kitaalamu ni kwamba stripu zipo. Mama mkwe wangu, ambaye naye ana sukari, anatumia glukomita ya chapa ileile, kwa hiyo stripu hununuliwa kwa pamoja ingawa visindano vya kila mmoja vina kopo lake na havichanganywi kamwe. Ameshawahi kuniambia, “Mwanangu, huyo paka anapimwa kwa saa, mimi mnaniuliza Ijumaa hadi Ijumaa,” nami sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo anapima pamoja na paka asubuhi. Ninalotaka kusisitiza kuhusu stripu ni hifadhi yake, kwa kuwa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, na mtu wa Dar es Salaam anajua kwamba chumba cha kawaida mwezi wa Februari kinauvuka mpaka huo bila shida. Zikae ndani ya kopo lake lililofungwa barabara, mahali penye kivuli, mbali na dirisha na mbali na unyevu wa jikoni.

Glukomita ya wanyama tuliyoitumia ni AlphaTRAK, ambayo huuzwa na kampuni ya Zoetis na imesanifiwa kwa damu ya mbwa na paka. Kwa upande wa usahihi sina ninaloweza kuilaumu. Inataka maikrolita 0.3 tu za damu, kiasi ambacho hata sikio baridi litatoa, na namba zake zilikuwa karibu na za maabara. Sharti lake ni kwamba lazima kifaa kielekezwe kuwa kinapima paka na si mbwa, kwa kuwa mgawanyo wa glukosi katika damu ya wanyama hao wawili haufanani, na anayesahau hatua hiyo anapoteza faida yote aliyoilipia. Kama ningekuwa naishi Minneapolis au London, ambako stripu zake huagizwa leo na kufika keshokutwa, ningeinunua bila kufikiri mara mbili. Hapa kwetu hazikutwi katika duka la dawa la kawaida. Zinaagizwa kutoka nje kwa bei iliyo juu ya zile za binadamu kwa kiasi kikubwa, zinangojea forodhani katika joto ambalo huwezi kulisimamia, na zikichelewa, mgonjwa wako hana kipimo. Ninaihesabu kuwa chombo bora kwa kliniki, au kwa familia yenye ndugu anayesafiri mara kwa mara, ila asiyekuwa na njia ya uhakika ya kupata stripu asiitegemee peke yake.

Kihisi cha kubandika ni habari nyingine kabisa. Tulichokitumia ni FreeStyle Libre cha kampuni ya Abbott, kilicholetwa na jamaa anayefanya kazi Dubai, nacho kimetengenezwa kwa ajili ya binadamu, ingawa madaktari wa mifugo katika nchi nyingi wamezoea sasa kukitumia kwa mbwa na paka. Ni kiduara chenye upana wa milimita 35 na unene wa milimita 5, chenye uzi laini unaoingia chini ya ngozi na kupima glukosi ya majimaji yaliyo kati ya seli, si ya damu yenyewe. Kinabandikwa na daktari au msaidizi wake baada ya kunyoa manyoya, kwa kawaida mgongoni kati ya mabega, shingoni au ubavuni, na paka wengi hukipokea bila vurugu kubwa. Baada ya saa moja kinaanza kusoma, na unapopitisha kisomeo chake au simu yenye programu yake karibu na mgongo wa paka, hata akiwa usingizini, unapata namba ya sasa, mshale wa mwelekeo na mchoro wa saa nane zilizopita. Muda wake wa kazi ni siku 14.

Mchoro huo ndio unaonifanya nikipende kifaa hiki kuliko vyote. Kwa sikio na stripu unaona picha chache za siku, ambapo kwa kihisi unaona siku nzima pamoja na usiku, nao usiku ndio uliokuwa na habari. Kibonge alikuwa na namba za juu kila asubuhi, na mtu asiyeona kilichotangulia angedhani insulini haitoshi. Mchoro ulituonyesha kwamba dozi ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwa saa tisa hivi kisha inaisha nguvu kabla ya saa kumi na mbili kutimia, jambo ambalo daktari alilishughulikia kwa njia tofauti kabisa na kuongeza yuniti. Ni afadhali basi kihisi kitumike katika majuma ya mwanzo wa tiba, au kila dozi inapobadilishwa sana, kisha glukomita ichukue zamu.

Mapungufu yake yanajulikana na wote wanaokitumia kwa wanyama. Kwanza, mara nyingi hakimalizi siku zake 14 kwenye mwili wa paka, kwa sababu ngozi ya paka imelegea, inateleza juu ya mwili anapojinyoosha, na gundi iliyokusudiwa mkono wa binadamu haikuundwa kwa mnyama anayejilamba na kujisugua kwenye miguu ya meza. Baadhi ya madaktari huongeza chini yake tone la gundi ya kitabibu, ile inayofungia majeraha, na vazi jepesi la kitambaa husaidia, ingawa katika joto letu vazi lisimkae paka mchana kutwa. Pili, majimaji ya kati ya seli hufuata damu kwa kuchelewa, hivyo sukari inaposhuka kwa kasi kihisi kinaweza kuwa bado kinasimulia yaliyopita. Tatu, toleo la kwanza halisomi chini ya milimoli 2.2 wala juu ya 27.8 kwa lita, na katika eneo la chini usahihi wake ni hafifu zaidi. Kwa sababu hiyo, namba ya kutisha kutoka kwa kihisi ihakikishwe kwa tone la damu kama paka yuko shwari, na kama anayumba, alishwe kwanza na kupimwa baadaye. Nne, kifaa hukumbuka saa nane tu, kwa hiyo anayepitisha kisomeo saa tatu usiku na kurudi saa moja asubuhi atakuta pengo la saa mbili, kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku, na kuna anayelazimika kuamka.

Hakuna kipimo kitakachomsaidia paka anayedungwa kwa sirinji isiyo yake, na kwa hili naomba msomaji asome taratibu. Insulini zilizoidhinishwa kwa paka, kama Caninsulin na ProZinc, zina yuniti 40 katika mililita moja, wakati insulini nyingi za binadamu, ikiwemo glajini iitwayo Lantus ambayo madaktari wengi wa paka huipenda, zina yuniti 100. Kila moja ina sirinji yake. Ukivuta insulini ya yuniti 100 kwa sirinji ya 40 mpaka alama ya yuniti moja, umevuta yuniti mbili na nusu, na dozi ya kuanzia ambayo daktari humwandikia paka mara nyingi ni yuniti moja au hata nusu, asubuhi na jioni. Ipo pia glajini ya yuniti 300, yenye jina jingine la biashara, ambayo haipaswi kuchukuliwa kuwa ni ileile yenye nguvu mara tatu wala kuvutwa kwa sirinji. Insulini ya mchanganyiko wa 70 kwa 30, ambayo ni rahisi kuipata katika maduka yetu ya dawa na ambayo huenda imo tayari kwenye friji kwa ajili ya bibi au babu, si mbadala wa kujiamulia pale glajini inapokosekana. Sirinji za mililita 0.3 zenye alama za nusu yuniti ndizo zinazofaa kwa paka, na zikipatikana ni vyema kununua akiba.

Umeme ukikatika kwa saa chache, insulini iliyoachwa ndani ya friji isiyofunguliwa haitaharibika. Maelezo ya Lantus yenyewe huruhusu chupa iliyokwisha kufunguliwa ikae nje ya friji kwa siku 28 mradi joto lisizidi nyuzi 30, hivyo adui ni dashibodi ya gari na dirisha lenye jua, pamoja na chumba cha barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na lishe inayopendekezwa kwa mgonjwa wa kisukari ni yenye protini nyingi na wanga mdogo, ambao madaktari wengi huuweka chini ya asilimia 12 ya nishati yote. Chakula cha kopo chenye majimaji hufikia kiwango hicho kwa urahisi kuliko punje kavu, ambazo kwa kawaida huhitaji wanga ili zitengenezwe. Desturi yetu ya kumpa paka ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, au ukoko wa wali, ndiyo ya kuachwa kwanza. Samaki mtupu wa soko la Feri kila siku si lishe kamili, hata kama paka atakubaliana nawe kwamba inatosha. Lakini yeyote ambaye paka wake tayari anadungwa insulini asimbadilishie chakula ghafla bila kumweleza daktari, kwa sababu wanga ukipungua mahitaji ya insulini nayo hupungua, pengine ndani ya siku chache, na dozi ya jana inaweza kumwangusha.

Kuanguka huko kuna dalili za kujifunza mapema: ulegevu, kuyumba, kutetemeka, njaa ya ghafla au kinyume chake kuduwaa, na mwishowe degedege. Namba iliyo chini ya milimoli 3.3 kwa lita ichukuliwe kuwa ya hatari hata kama paka anaonekana mzima. Akiweza kula, alishwe. Asipoweza kumeza, apakwe asali au glukosi ya unga iliyolowekwa kidogo kwenye fizi zake, bila kummiminia kitu kooni, na safari ya kwenda kwa daktari ianze huku mtu mwingine akiendelea kumpaka. Kopo la glukosi ya duka la dawa linakaa juu ya friji yetu pamoja na namba za simu za kliniki mbili, maana moja hufungwa Jumapili.

Kumbukumbu za vipimo zinaweza kuandikwa katika daftari la shule lenye mistari, na ndivyo tufanyavyo. Wapendao simu watafute programu ya bure ya chuo cha mifugo cha Royal Veterinary College cha London, iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye mbwa na paka wenye kisukari. Watafiti wa chuo hichohicho ndio walioonyesha kwamba takribani robo ya paka wenye kisukari waliochunguzwa nchini Uingereza walikuwa na dalili katika damu za ugonjwa wa kuzidi kwa homoni ya ukuaji, ambao husababisha insulini isifanye kazi hata dozi ikipandishwa tena na tena. Daftari lenye vipimo vya kila siku ndilo litakalomfanya daktari alifikirie jambo hilo, badala ya kumshuku mwenye paka kwamba anasahau sindano.

Kasoro ya mwisho inahusu vifaa vyote vitatu, nayo ni kwamba hakuna hata kimoja, kwa namna tunavyokitumia, kinachoonyesha ketoni, yaani zile tindikali zinazolimbikizwa mwili unapokosa insulini na kuanza kuyeyusha mafuta kupita kiasi. Kwa hilo unahitaji stripu za mkojo, zinazouzwa kwa ajili ya binadamu na zinazofanya kazi kwa paka bila marekebisho. Mkojo huupata mtu mvumilivu mwenye upawa wa mpini mrefu, au anayejaza sanduku punje zisizonyonya maji kwa usiku mmoja. Kipimo hiki kimezidi kuwa na maana tangu mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha dawa za kumeza za kisukari cha paka, Bexacat mwezi Desemba 2022 na Senvelgo mwezi Agosti 2023, ambazo huiondoa sukari kwa njia ya mkojo na zimekusudiwa paka ambao hawajawahi kutumia insulini. Paka anayetumia dawa hizo anaweza kupatwa na sumu ya ketoni ilhali glukomita inaonyesha namba za kuridhisha kabisa. Kwa paka yeyote mwenye kisukari aliyeacha kula, anayetapika au aliyezubaa, stripu ya mkojo iliyobadilika rangi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwemo. Kopo lake ni nafuu kuliko boksi la stripu za damu, na linunuliwe siku ileile inaponunuliwa glukomita.